Kupeleka pendekezo la mtambo wa umeme wa taka kwa wakazi: mwongozo kamili

Mtu akisikia kwamba jirani na nyumba yake kutajengwa tanuri la kuchoma taka za mji mzima ili kuzalisha umeme, swali lake la kwanza huwa si la kitaalamu. Anataka kujua ni nani aliyeamua, na aliamua lini. Kama jibu ni kwamba ramani zimeshachorwa, mwekezaji ameshapatikana na kiwanja kimeshapimwa, basi kila utakachosema baada ya hapo, hata kiwe kweli tupu, kitasikika kama maneno ya kumtuliza.

Mwongozo huu ni wa mhandisi, ofisa wa halmashauri au mwekezaji anayetaka kufika kwa wakazi mapema, wakati "hapana" yao bado ina uzito. Naamini hiyo ndiyo njia ya haki. Mtambo wa namna hii hujengwa ufanye kazi miaka 20 au 30, na ni vigumu kuuendesha muda wote huo ukiwa na ugomvi na majirani wake.

Hatua ya kwanza: hakikisha taka zenyewe zinawaka

Kabla hujaomba kikao na mtu yeyote, chunguza taka. Miradi mingi hupendekezwa kwa hesabu ya tani tu: mji unazalisha tani kadhaa kwa siku, kwa hiyo kuna umeme. Tani hazitoshi. Kinachotakiwa ni kujua joto lililomo ndani ya kila kilo. Kipimo ambacho Benki ya Dunia imewapa wafanya maamuzi ni wastani wa megajuli 7 (megajuli ni kipimo cha nishati) kwa kilo kwa mwaka, bila kushuka chini ya 6 katika msimu wowote, na shehena isiyopungua tani 50,000 kwa mwaka.

Pale ambapo zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula, maganda na majani, unyevu ni mwingi na joto linalopatikana ni dogo. Sehemu kubwa ya moto huishia kukausha taka badala ya kuchemsha maji yatoe mvuke wa kuzalisha umeme, na wakati mwingine mafuta huhitajika ili tanuri lisipoe. Kwa hiyo chukua sampuli msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, maeneo ya matajiri na ya maskini, na uzichukue pale taka zinapofika mwisho, baada ya waokota taka kutoa chupa, plastiki na makaratasi. Karatasi na plastiki ndizo zinazowaka vizuri zaidi, na ndizo zinazouzika.

Matokeo yakionyesha kwamba taka ni mbichi mno, acha wazo la tanuri. Biogesi, yaani gesi ya kupikia au ya umeme inayotokana na taka zinazooza, na mboji zitaufaa mji huo zaidi, tena kwa gharama ndogo. Kupeleka kwa wakazi pendekezo ambalo wewe mwenyewe unajua ni dhaifu ni kuwapotezea muda na kuharibu imani ambayo mradi mwingine ungeihitaji kesho.

Hatua ya pili: usichague eneo kwa sababu watu wake ni wanyonge

Hapa ndipo dhuluma kubwa hutokea, na nitakaa hapa kidogo.

Mwaka 1984 bodi ya usimamizi wa taka ya jimbo la California, Marekani, iliandaliwa ripoti na kampuni ya ushauri kuhusu ugumu wa kupata maeneo ya kujenga mitambo ya aina hii. Ripoti ilieleza ni jamii zipi zina uwezekano mdogo wa kupinga: zenye kipato cha chini, zenye elimu ndogo, zenye wazee wengi. Ilipojulikana, ikawa ushahidi mikononi mwa wanaharakati wa haki ya mazingira, na bado inatajwa hadi leo. Wakazi wa maeneo maskini hawahitaji kuisoma ili kuhisi kwamba wamechaguliwa kwa mantiki hiyo. Wanatazama dampo, machinjio na mabwawa ya majitaka yaliyowazunguka, wanajua.

Tokyo inafundisha zaidi. Kwa miaka mingi wilaya ya Koto ilibeba taka za jiji zima, pamoja na nzi, harufu na misururu ya malori. Mwaka 1966 serikali ya jiji ilitangaza kwamba tanuri litajengwa Takaido, katika wilaya ya Suginami, bila kuwashauri wakazi kwanza. Wakapinga. Mwaka 1971 gavana Ryokichi Minobe alitangaza "vita vya taka", na mwaka 1973 watu wa Koto wakayazuia malori yaliyotoka Suginami, wakisema: kama hamtaki kuzishughulikia taka zenu, msituletee sisi. Usuluhishi ulipatikana mwaka 1974, na mtambo ukakamilika mwaka 1982. Tangazo moja lisilo na mashauriano lilikula miaka 16.

Jirani tu na hapo, mji wa Musashino ulifuata njia nyingine. Wakazi walishirikishwa tangu kwenye uchaguzi wa eneo, na mtambo uliofunguliwa mwaka 1984 ulijengwa karibu na makao makuu ya halmashauri. Ulipozeeka, mwingine ulijengwa kando yake na kuanza kazi mwaka 2017. Watawala waliuweka mahali ambapo wao wenyewe wanaingia kazini kila siku, na hilo linasema jambo ambalo hakuna kipeperushi kinachoweza kulisema.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika vigezo vya kuchagua eneo kabla ya kutaja eneo lolote: umbali kutoka makazi, shule na vyanzo vya maji, mwelekeo wa upepo, uwezo wa barabara, ukaribu wa njia ya umeme, na mzigo wa uchafuzi ambao eneo tayari linabeba. Kigezo hicho cha mwisho mara nyingi husahaulika. Mimi ningekipa uzito mkubwa kuliko vyote. Vitangaze, wakazi wavijadili na kuvirekebisha, kisha maeneo yote yanayofikiriwa yapimwe hadharani kwa vigezo hivyohivyo. Kama eneo lako lilishachaguliwa kwa sababu ardhi yake ni rahisi, sema hivyo waziwazi, kisha lipime upya pamoja na mengine.

Hatua ya tatu: wajue watu kabla ya kuwaita

Usianze na mkutano wa hadhara. Anza kwa kutembea. Zungumza na wanaoishi karibu na kiwanja, wanaoishi kando ya barabara watakayopita malori (hawa husahaulika kwa sababu wanaweza kuwa mbali na mtambo wenyewe), walimu, wahudumu wa afya, viongozi wa dini, wakulima wanaotegemea mto ulio chini ya eneo hilo. Sikiliza zaidi ya unavyosema. Uliza kama waliwahi kuahidiwa mradi mwingine hapo zamani, na nini kilifuata. Ahadi ya barabara au zahanati ambayo haikutimizwa miaka kumi iliyopita itakuja kujibiwa na wewe, hata kama hukuitoa.

Waokota taka wapewe vikao vyao wenyewe. Kwao tanuri ni mshindani anayekula riziki yao. Ukiwaweka ukumbini pamoja na wenye nyumba wanaowalalamikia kila siku, watanyamaza. Waulize wanaokota nini, wanauza wapi, wangapi wanategemea kazi hiyo. Kisha ulete pendekezo la kweli: kituo cha kutenganisha taka kabla hazijaingia kwenye tanuri, kikiendeshwa na ushirika wao, chenye mkataba, vifaa vya kinga na haki ya kuchukua kila kinachouzika. Neno "ajira" pekee halitoshi. Mtambo wenyewe huajiri watu wachache, wengi wao mafundi wenye vyeti, na haki ni kuwaambia watu hivyo mapema.

Hatua ya nne: tayarisha majibu ya kweli

Kuna maswali ambayo yataulizwa kila mahali. Yajibu kwa namba na kwa lugha ambayo mtu atakwenda kuirudia nyumbani kwake.

Moshi. Watu wana sababu ya kuuogopa. Tanuri za zamani zilitoa daioksini, sumu zinazokaa mwilini na kwenye mnyororo wa chakula kwa miaka mingi. Kinachozipunguza kinajulikana: gesi ibaki kwenye joto la angalau nyuzi 850 kwa sekunde 2, kisha ipozwe haraka, inyunyiziwe chokaa na unga wa mkaa maalumu, halafu ipite kwenye vichujio vya mifuko kabla ya kufika kwenye bomba la moshi. Sheria za Umoja wa Ulaya ziliweka kikomo cha nanogramu 0.1 (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) ya daioksini kwa kila meta ya ujazo ya gesi. Nchini Ujerumani, mwaka 1990 tanuri za taka zilichangia theluthi moja ya daioksini zote zilizotolewa hewani. Kufikia mwaka 2000, baada ya masharti makali, mchango huo ulikuwa chini ya asilimia 1.

Lakini malizia sentensi. Namba hizo ni za mitambo yenye vichujio vinavyobadilishwa kwa wakati na wakaguzi wanaokagua kweli. Mtu akisimama akasema, "Hapa kwetu hata taa za barabarani haziwashwi, nani atabadilisha vichujio?" amegusa kiini cha jambo. Usimjibu kwa kumweleza tena habari za Ujerumani. Mjibu kwa kumwonyesha bajeti ya matengenezo, mahali fedha zake zitakapowekwa ili zisichotwe kwa kazi nyingine, na nani ana mamlaka ya kuzima mtambo vichujio vikichakaa.

Majivu. Taka hupungua ujazo kwa takriban asilimia 90, ila kwa uzito hubaki kama robo au pungufu kidogo. Sehemu kubwa ni majivu mazito yanayobaki chini ya tanuri, ambayo yakipimwa na kutibiwa yanaweza kutumika kwenye ujenzi wa barabara. Sehemu ndogo, asilimia chache tu ya uzito wa taka, ni majivu mepesi yanayonaswa kwenye vichujio. Hayo ndiyo yenye sumu: metali nzito na daioksini zile zile tulizozizuia zisitoke hewani. Yanahitaji dampo maalumu lililozibwa yasivuje. Kama bado hujui yatakwenda wapi, pendekezo lako halijakamilika. Rudi ofisini ulimalize.

Malori. Piga hesabu mbele yao. Tani 1,000 kwa siku kwa malori ya tani 10 ni malori 100, yaani safari 200 za kwenda na kurudi. Kwa saa kumi za kazi, lori moja litapita kila dakika tatu. Watoto wanavuka wapi? Mara nyingi swali hili huwagusa watu kuliko daioksini, na lina majibu mengi ya vitendo: barabara ya pembeni, saa za kupita, malori yaliyofunikwa yasiyodondosha maji machafu njiani.

Harufu. Jengo la kupokelea taka hufungwa, na hewa yake huvutwa kuingia kwenye tanuri ili ichomwe. Mfumo huu hufanya kazi vizuri tanuri linapowaka. Eleza pia kitakachofanyika likiwa limezimwa kwa matengenezo na taka zimejaa shimoni.

Umeme. Tani moja ya taka zenye joto la kutosha huweza kutoa kama kilowati-saa 500 za kuuzwa. Kwa tani 1,000 kwa siku hiyo ni takriban megawati 21 mfululizo. Taka zikiwa na unyevu mwingi, punguza. Usiruhusu watu waamini kwamba bili zao zitashuka kwa sababu tu mtambo uko jirani, isipokuwa kama limeandikwa kwenye mkataba.

Tabianchi. Usiuite nishati safi. Plastiki ni mafuta ya petroli yaliyogandishwa, na kuichoma hutoa kaboni kama kuchoma mafuta. Faida ya tabianchi iko katika methani, gesi ya taka zinazooza ambayo huongeza joto la dunia, isiyotoka dampo na katika umeme unaochukua nafasi ya ule wa makaa ya mawe au dizeli. Ukubwa wake unategemea aina ya taka na umeme uliopo. Sema hivyo.

Na uwe mkweli kuhusu hali ilivyo sasa. Dampo la wazi linalofuka moshi usiku na mchana linachoma taka bila kichujio chochote, na linaweza kuua. Mwezi Machi 2017, maporomoko katika dampo la Koshe mjini Addis Ababa yaliua watu zaidi ya 110, wakati mtambo wa Reppie wa kuchoma taka ukiendelea kujengwa jirani. Mtambo huo ulizinduliwa Agosti 2018. Mfano huu unaonyesha kwamba kutofanya lolote kuna gharama yake. Usiutumie kama fimbo ya kuwatishia watu wakubali. Kati ya dampo la wazi na tanuri kuna njia nyingine, na wana haki ya kuzisikia kutoka kinywani mwako.

Hatua ya tano: fungua daftari la fedha

Mtambo hupata fedha kwa njia mbili kuu: tozo ya kupokea kila tani ya taka, na mauzo ya umeme au joto. Kwa kawaida umeme pekee hautoshi kulipa gharama, kwa hiyo tozo hubeba mzigo, na tozo hulipwa na wakazi, kupitia ada au kodi.

Tafuta kwenye mkataba kifungu kinachoitaka halmashauri kulipia kiasi fulani cha taka hata isipokileta. Wakopeshaji hukipenda. Kwa jamii ni hatari: mji ukifanikiwa kupunguza plastiki na kurejeleza zaidi, unaadhibiwa kwa kulipia tanuri lenye njaa. Kama kifungu hicho kipo, kitaje mkutanoni kabla hakijagunduliwa, na ujenge mtambo mdogo kuliko taka zinazotarajiwa kubaki baada ya urejelezaji kukua. Mji wa Harrisburg, jimbo la Pennsylvania, Marekani, ulikopa kurekebisha tanuri lake hadi deni likazidi dola milioni 300, na mwaka 2011 baraza lake likafika mahakamani kuomba mji utangazwe kuwa umefilisika. Wakazi wana haki ya kuuliza nani atalipa mradi ukikwama.

Hatua ya sita: mkutano wenyewe

Mkutano wa kwanza usiwe na picha ya mtambo. Uwe na swali moja: taka zetu tuzifanye nini? Weka mezani njia zote, pamoja na gharama na madhara yake: dampo la kisasa, mboji na biogesi, urejelezaji, tanuri. Kama unaona tanuri linafaa, sema unavyoona na kwa nini. Watu hawachukii mtu mwenye msimamo, wanachukia kuchezewa.

Fanya vikao vidogo vingi badala ya kimoja kikubwa. Kimoja kiwe saa ambazo wafanyakazi wamerudi nyumbani, kingine saa ambazo akina mama wenye watoto wanaweza kufika, kingine cha vijana. Msemaji awe mhandisi atakayeuendesha mtambo au ofisa atakayewajibika. Ukimleta mtaalamu wa mawasiliano aliyekodiwa, watu watauliza aliyemtuma yuko wapi. Keti nao kwenye viti vilevile. Meza kuu yenye kitambaa na chupa za maji imeshaharibu mikutano mingi.

Kila swali liandikwe kwenye daftari la wazi, na mbele yake tarehe ya kujibiwa na jina la atakayejibu. Mama akisema, "Mwanangu ana pumu, mtambo huu utamfanyaje?" jibu baya ni "Teknolojia ni salama kabisa, mama." Jibu linalostahili ni kama hili: "Mama, siwezi kukuahidi kwamba hakuna hatari. Tutapima hewa ya hapa kwa mwaka mzima kabla ya kujenga, na matokeo mtapewa. Mtambo ukianza, vumbi na gesi vitapimwa muda wote. Namba zikivuka kikomo, mtambo utazimwa, na hapa ndipo panapoandikwa ni nani atauzima." Kisha umwonyeshe ukurasa.

Tenga fedha za kumlipa mtaalamu huru atakayechaguliwa na wakazi, asiyeripoti kwako. Tathmini ya athari kwa mazingira ni nene na imeandikwa kwa lugha ngumu. Wanahitaji mtu wao wa kuisoma. Panga pia ziara kwenye mtambo unaofanya kazi, wajumbe wachaguliwe na wakazi, wapinzani wakali wakiwemo. Mkifika, waache wazungumze na majirani wa mtambo ule peke yao. Wewe baki kwenye gari.

Hatua ya saba: ahadi ziwe mkataba

Maneno ya mkutanoni hupeperuka. Kila ulichoahidi kiingie kwenye makubaliano yenye nguvu ya kisheria kati ya mwendeshaji, halmashauri na wakazi.

La kwanza ni vipimo vya hali ya mwanzo: hewa, udongo, maji ya visima, kabla ya jembe kugusa ardhi. Bila hivyo, baada ya miaka mitano hakuna atakayeweza kuthibitisha chochote, iwe madhara au usalama. Pili, kamati ya usimamizi yenye wakazi wengi kuliko maofisa, yenye haki ya kuingia mtambo wakati wowote bila kutoa taarifa. Tatu, ubao wa namba nje ya lango unaoonyesha vumbi, monoksidi ya kaboni, oksidi za naitrojeni na asidi zinazopimwa mfululizo. Waeleze kwamba daioksini na metali nyingi hazipimwi kwa ubao. Huhitaji sampuli na maabara, mara mbili kwa mwaka au zaidi, na maabara hiyo kamati ndiyo iichague.

Nne, na kwangu hili ndilo moyo wa makubaliano: masharti ya kuzima. Yaandikwe kwa namba, kipimo gani kikivuka kikomo kwa muda gani mtambo unasimama, na nani anatoa amri, bila kusubiri kibali cha anayepata faida. Mengine yatafuata hapo: njia na saa za malori, fidia, mfuko wa maendeleo unaosimamiwa na wakazi, ukomo wa ukubwa wa mtambo, na dhamana ya fedha za kuubomoa na kusafisha eneo maisha yake yakiisha. Fidia na mfuko vijadiliwe baada ya masuala ya afya kumalizika. Ukianza na fedha, watu wataona wananunuliwa, na watakuwa na haki.

Hatua ya nane: pokea jibu

Kubaliana tangu mwanzo jibu litatolewaje: kura, azimio la mkutano au uamuzi wa baraza lililochaguliwa. Likiwa "hapana", uliza ni "hapana" ya eneo, ya ukubwa, ya mwendeshaji au ya tanuri lenyewe. Tatu za mwanzo zinaweza kukurudisha mezani na pendekezo bora. Ya nne iheshimu, ukapeleke nguvu zako kwenye dampo salama na mboji, maana taka bado zipo na watu wale wale bado wanazivuta puani.

Likiwa "ndiyo", usipotee mpaka siku ya kukata utepe. Kipindi cha majaribio ndicho kigumu zaidi: tanuri huwashwa na kuzimwa mara kwa mara, na moshi wa wakati wa kuwasha na kuzima ndio mchafu kuliko ule wa kazi ya kawaida. Watangazie wakazi tarehe za majaribio kabla, waambie wataona na kusikia nini, na uwape namba ya simu inayopokelewa saa nane za usiku na mtu mwenye uwezo wa kusimamisha mtambo.